Kusikiliza Albamu Nzima Bila Kuliumiza Sikio

Muziki wa hevi metali wenye melodi haufai kuonjwa wimbo mmojammoja. Chukua albamu ya Iron Maiden, Seventh Son of a Seventh Son, ya mwaka 1988: nyimbo 8, dakika 44 hivi, kuhusu mwana mwenye kipaji cha kuona yajayo. Hufunguliwa kwa gitaa kavu na sauti pweke. Kipande hichohicho hurudi mwishoni, na aliyeruka mwanzo hawezi kukitambua.

Penye utulivu huo ndipo sikio hutegwa. Msikilizaji huongeza sauti apate kulisikia gitaa, kisha ngoma na magitaa ya umeme humwangukia. Pima sauti pale muziki unapovuma kabisa, usiiguse tena. Shirika la Afya Duniani linashauri desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa desibeli 100, muda hushuka hadi dakika 20 hivi, nao humalizika mwanzoni mwa wimbo wa tano, uliobeba jina la albamu na ulio mrefu kuliko yote. Seli za usikivu zikifa hazioti upya. Masikio yakilia baada ya kusikiliza, yapumzishe. Mlio ukizidi siku moja, fika kliniki.