Prisila, Akila na Mhubiri Mwenye Kipawa

JUMATATU

Soma Mdo 18:1-3, 18-28. Apollo alikuwa na sifa gani, na alipungukiwa na nini? Prisila na Akila walifanya nini walipoligundua jambo hilo?

_______________________________________

Akila na mkewe Prisila walifika Korintho baada ya Kaisari Klaudio kuamuru Wayahudi waondoke Rumi. Walikuwa mafundi wa kushona mahema, kazi aliyoijua Paulo pia, naye akakaa kwao. Siku ya Sabato walikuwa na nafasi ya kumsikia katika sinagogi (Mdo 18:4). Siku nyingine walifanya kazi pamoja naye. Uanafunzi wao ulikua katika maisha ya kila siku.

Baadaye, huko Efeso, walimsikia Apollo wa Iskanderia. Alikuwa msomi mwenye bidii, naye aliyafahamu Maandiko vizuri. Lakini ubatizo alioujua ulikuwa ule wa Yohana tu. Prisila na Akila wangeweza kunyamaza, wakisema kwamba mafundi wa mahema hawawezi kumfundisha msomi. Wangeweza pia kumsahihisha palepale, mbele ya watu. Badala yake walimkaribisha kwao, na huko, mke na mume pamoja, wakamfafanulia yale ambayo alikuwa hajayaelewa. Heshima yake ilihifadhiwa, na kweli nayo haikufichwa.

Soma 1 Kor 1:11, 12, 3:5-9, 16:12. Paulo alimtazamaje Apollo, hata baada ya Wakorintho kugawanyika kwa ajili ya majina yao?

_______________________________________

Apollo alipotaka kwenda Akaya, ndugu wa Efeso walimtia moyo, wakamwandikia barua ya kumtambulisha. Waumini wa Efeso walikuwa bado wachache, na mhubiri kama huyo angewafaa sana. Hata hivyo hawakumzuia. Alifika Korintho, mji ambao Prisila na Akila walikuwa wameishi na Paulo, na huko akawa msaada mkubwa. Wengine wakaanza kujiita watu wa Apollo. Paulo hakumwonea wivu. Aliandika kwamba wote wawili ni watumishi tu, na kwamba ukuaji hutoka kwa Mungu. Tena alimsihi Apollo arudi kuwatembelea Wakorintho.

Prisila na Akila waliendelea kuwa na kanisa nyumbani mwao, kwanza Efeso (1 Kor 16:19), kisha Rumi (Rum 16:3-5).

Katika kundi dogo, watu 8 au 10 wanapokutana sebuleni, kosa la mmoja husikika na wote, na kipawa cha mmoja huonekana na wote. Kiongozi akikiogopa kipawa hicho, humnyima mwenzake zamu ya kuongoza somo, au humngoja akosee ili amrekebishe mbele ya wenzake, pengine hata katika kundi la WhatsApp. Kiongozi wa namna hiyo anaweza kushika wadhifa wake miaka mingi bila kumlea mwanafunzi hata mmoja. Kundi hubaki lilivyokuwa, na mwenye kipawa hupoa au huondoka akiwa na uchungu.

Katika kundi lako, ni nani ambaye Mungu anamwandaa kufanya kazi hiyo vizuri kuliko wewe? Utamsaidiaje juma hili, na uko tayari kumwachia nini?