Je, Vidonge vya Tezi Huilaza Tezi ya Shingo?

Mwezi huu tunajibu swali tunaloulizwa mara nyingi na akina mama wa Tarime na Serengeti waliowahi kuugua rovu: “Sista, nikivizoea hivi vidonge, tezi yangu haitaacha kazi?”

Tezi hii iko mbele ya shingo. Hutengeneza homoni kwa kutumia madini joto, na homoni hiyo huendesha mapigo ya moyo, joto la mwili, hata ukuaji wa akili ya mtoto. Lakini haijiamulii. Chini ya ubongo ipo tezi nyingine, ndogo kama punje ya njegere, nayo ndiyo msimamizi. Homoni ikipungua katika damu, msimamizi hutoa amri: ongeza! Ikizidi, hunyamaza. Madini joto yakikosekana, amri haikomi, na tezi hutanuka ikijaribu kutii. Ndivyo rovu nyingi zinavyoanza.

Mtu akimeza homoni ya vidonge, msimamizi huikuta katika damu wala hajui imetoka wapi. Hupunguza amri, na tezi hupunguza kazi. Kwa hiyo ni kweli, tezi hupumzika. Lakini kupumzika si kufa. Mwaka 1951 daktari Mmarekani, Monte Greer, alichapisha uchunguzi wa watu wenye tezi nzima waliopewa homoni hiyo. Walipoacha, tezi zao ziliamka tena, nyingi baada ya wiki chache tu.

Basi la kuuliza ni hili: tezi yenyewe ipo, na ni nzima?

Tuliwahi kumhudumia mama aliyeondolewa tezi yote kwa sababu ya rovu. Jirani alimwambia vidonge vinamlegeza, akaacha. Wiki za kwanza alijiona mzima, maana homoni hii hutoka mwilini polepole. Baada ya siku saba nusu yake ingali imo. Miezi ikapita. Aliletwa uso umevimba, sauti nzito, anatetemeka kwa baridi mchana wa jua. Msimamizi alikuwa akipiga kelele, lakini mfanyakazi hayupo. Mtu wa namna hii humeza vidonge maisha yake yote, na hata chumvi yenye madini joto haiwezi kushika nafasi yake.

Vidonge vilivyobaki alimpa mdogo wake apunguze unene! Huyu tezi yake ilikuwa nzima. Mwanzoni tezi ilipunguza kazi, hakuona badiliko, akaongeza vidonge. Moyo ukaanza kumwenda mbio, mikono ikatetemeka, usingizi ukamkimbia. Tunashukuru aliwahi.

Anayetumia vidonge hivi avimeze asubuhi kwa maji, tumbo tupu, nusu saa au saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu vikae mbali navyo kwa saa nne, kwa kuwa huvizuia kuingia mwilini. Dozi ikibadilishwa, damu ipimwe baada ya wiki 6 hadi 8. Mama anayevitumia akihisi ana mimba asiviache, bali aje kliniki mapema, kwani mara nyingi dozi huhitaji kuongezwa.