Tulivyoifufua Trekta ya Guka

Wahenga walinena kuwa ajizi ni nyumba ya njaa. Ajizi ya kwetu ilikaa chini ya mwembe miaka sita: trekta ya mkono ya Guka, ile ya magurudumu mawili ambayo mtu huifuata nyuma akishika mipini. Kuku walikuwa wanataga chini ya tangi lake. Likizo ya Aprili Mama alileta mnunuzi wa vyuma kuukuu, naye akataja shilingi 12,000. Nilikuwa na salio la karo, kwa hivyo simlaumu Mama. Guka akaomba wiki tatu tu. Ikikataa kunguruma, ichukuliwe. Mimi nikawa msaidizi wake, na nia ya makala haya ni kuwaeleza wenzangu tuliyojifunza, hasa nyinyi wa hapa Mwea ambao kwenu kuna mtambo kama huo umelala.

Injini yake ni S195 kutoka Uchina, silinda moja iliyolala, nguvu za farasi 12. Kipenyo cha silinda ni milimita 95 na pistoni husafiri milimita 115. Tumieni kanuni ya ujazo tuliyofunzwa darasani, mtapata sentimita za ujazo 815 hivi. Pistoni ilikuwa imeshikana na silinda kwa kutu. Nilitaka kuikanyagia hendeli kwa mguu, Guka akanifokea, kwani ukilazimisha ringi huvunjika. Tulifungua nozeli, tukamimina dizeli na oili katika tundu lake, tukaacha siku nne. Kila jioni tulilitikisa lile gurudumu zito la injini mbele na nyuma, polepole. Siku ya tano likazunguka.

Tuliosha tangi, tukatia chujio jipya na oili mpya. Wapi! Haikuwaka. Fundi mmoja alituambia pampu imekufa, tununue nyingine. Kumbe ilikuwa hewa tu. Dizeli haibanwi kwa urahisi lakini hewa hubanwa, kwa hivyo pampu ikisukuma mapovu, nguvu yote huishia humo na nozeli haifunguki. Dawa yake ni kulegeza nati ya bomba pale kwenye pampu mpaka dizeli itoke bila povu, kisha kukaza, halafu kufanya hivyo hivyo kwenye nozeli. Baadaye unainua ule mkono mdogo unaofungua vali, unazungusha hendeli mpaka ishike kasi, unauachilia. Pu! Pu! Pu! Kuku walihama siku hiyo hiyo.

Lakini injini peke yake hailimi. Kwenye tope la mpunga magurudumu ya mpira huteleza, kwa hivyo tulifunga yale ya chuma yenye mabapa. Visu vya rotaveta navyo vimepindwa, vingine kushoto, vingine kulia. Mimi nilivifunga jinsi nilivyoona vinapendeza, na matokeo yake tuta refu likatokea katikati ya jaruba. Jaruba lisipokuwa sawa, miche ya upande mmoja huzama na ya upande wa pili hukauka. Tulivifungua vyote tukiwa tumesimama kwenye matope.

Sasa trela, na hapa naomba msome pole pole. Trekta hii haina usukani. Ina klachi mbili chini ya mipini. Ukibana ya kushoto, gurudumu la kushoto linakosa nguvu, la kulia linaendelea kusukuma, nayo inageuka kushoto. Rahisi. Siku moja nilikuwa nateremka kuelekea daraja la mfereji na magunia matano nyuma. Nilibana ya kushoto ili niingie darajani. Ikageuka kulia, moja kwa moja kuelekea majini! Niliruka. Gurudumu lilikwama kwenye jiwe, hatua mbili hivi kutoka ukingoni.

Nilidhani imeharibika. Guka alichora njia mchangani akanielewesha. Mkiteremka, injini haisukumi tena magurudumu, bali inayazuia yasikimbie. Ukibana klachi ya kushoto, gurudumu la kushoto linaachiliwa huru, linakimbia kuliko mwenzake, na trekta inageukia kulia. Kwa hivyo kabla ya mteremko tia gia ndogo ukiwa bado juu, usibadilishe njiani, usiguse klachi za kugeuzia, sukuma mipini kwa mikono. Watu wazima wengi wanalijua jambo hili, ila hawasemi mpaka mtu aanguke. Mimi hilo linaniudhi.

Mwezi wa Julai majirani wawili walitukodi, na salio la karo limepungua ingawa halijaisha. Mnunuzi wa vyuma alirudi, Mama akamwambia aende kwa wengine. Anayetaka kuona visu vinavyofungwa aje kwetu Jumamosi. Ila kule kwenye mfereji siendi na trela mpaka Guka awe amekaa kando yangu.