Sababu Zangu Zote Zilikuwa za Kweli

Kwa miaka miwili biashara yangu ilikuwa kichwani. Nguo za watoto za mitumba kutoka soko la Gikomba, Nairobi, zifuliwe, vifungo vilivyokatika virudishwe, zipigwe pasi, kisha niziuze mtaani Umoja kwa akina mama wanaotoka kazini jioni na hawana muda wa kwenda kuchakura sokoni. Nilikuwa nimeshachagua hata rangi ya mifuko ya kufungia. Kilichokosekana ni nguo yenyewe, hata moja.

Ungeniuliza wakati huo kwa nini sijaanza, ningekujibu vizuri. Sina mtaji. Sina kibanda. Kanjo, yaani askari wa jiji, wakinikuta kando ya barabara watabeba mali yote. Mvua ikinyesha, Gikomba ni matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Na soko lenyewe huungua. Hili la moto nililitegemea kuliko mengine yote, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kunipinga. Usiku wa kuamkia Juni 28, 2018 moto uliua watu 15 pale, na kabla ya hapo na baada ya hapo umerudi tena na tena. Halafu mwaka 2020 korona ilipoingia, serikali ikasimamisha uagizaji wa mitumba hadi Agosti. Hiyo nayo ilikuwa kwenye orodha yangu.

Watu waliniambia, "Acha visingizio." Walisema kana kwamba nilikuwa nadanganya, na ndiyo maana maneno yao hayakunisaidia. Sikuwa nadanganya. Moto ulikuwa kweli, kanjo walikuwa kweli, mfuko wangu ulikuwa mtupu kweli. Kisingizio cha uongo unaweza kukiona aibu ukakiacha. Kile cha kweli unakaa nacho kama mpangaji mwenza, mnazoeana, na miaka inapita.

Kitu cha kwanza kilichonisogeza ni daftari la shilingi 50. Niliandika kila sababu kwenye mstari wake, na mbele yake nikajiuliza: kiasi gani? Lini? Nani anajua? Mstari wa kwanza ulisema "sina mtaji". Mtaji kiasi gani? Nilishika kalamu nikakosa la kuandika. Miaka miwili nilikuwa nikilia kwamba sina pesa ya kutosha, na sikuwa nimewahi kumuuliza mtu yeyote inayotosha ni ngapi.

Basi Jumanne moja nikapanda matatu ya Jogoo Road, nikashuka karibu na stendi ya Kantribasi, nikavuka nikapita Kamukunji katikati ya nyundo za mafundi wa jua kali, nikaingia Gikomba kuuliza tu. Nilijifunza mengi asubuhi ile kuliko miezi yote niliyokuwa nikipanga. Robota moja la nguo, au beli kama wanavyoliita sokoni, kwa kawaida lina kilo 45 na bei yake ni maelfu mengi. Lakini anayeanza halazimiki kununua beli. Linapofunguliwa, waliofika mapema wanachagua kamera, yaani vipande vya kwanza, visivyo na doa wala tundu. Baada ya hapo bei inashuka na ubora unashuka, hadi mwisho zinabaki fagia, zinazouzwa kwa bei ya kutupa. Ukiwa na shilingi 1,500 unaweza kuondoka na vipande kumi na kitu vya kamera za watoto. Wengine huchanga watu watatu wakanunua beli moja na kugawana. Kwa hiyo kile kiasi nilichokuwa nikikisubiri kama muujiza kilikuwa kimepita mkononi mwangu mara nyingi, kikaenda kwenye vitu ambavyo leo sivikumbuki.

Wenzangu wengi wa mtaani walikuwa wakisubiri Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, iwapandishie kiwango cha kukopa. Ilizinduliwa Novemba 30, 2022, na mkopo wa mtu binafsi ni kuanzia shilingi 500 hadi 50,000 kwa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Maoni yangu ni haya: kiasi kidogo kinatosha kujaribia, lakini muda wa kulipa ni siku 14, kwa hiyo jua kwanza mali yako inachukua siku ngapi kuisha. Ukikopa kabla ya kujua hilo, unakisia kwa pesa ya deni.

Mstari wa moto niliupeleka kwa watu waliowahi kuunguliwa. Waliniambia bila kuficha. Usiweke mali yote kibandani, kamera zako rudi nazo nyumbani. Pesa isilale sokoni, iwe kwenye simu. Nunua kidogo, uza haraka, rudi tena. Nikagundua kwamba hofu yangu ilikuwa ya mtu mwenye kibanda kilichojaa, na mimi sikuwa na kibanda. Nilikuwa nimeazima hofu ya mwenye mali.

Nilipotoka pale nusu ya mistari ya daftari ilikuwa imepata majibu. Na bado sikuanza. Wiki tatu zikaisha. Hapa ndipo nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo wengi tunapokwama na hatuelewi kwa nini. Nilikuwa na bei, nilikuwa na shilingi 1,500, nilikuwa na mpango. Ila asubuhi nikiamka saa kumi kasoro, giza, baridi, hakuna mtu hata mmoja Nairobi nzima ambaye siku yake ingeharibika nikigeuka upande wa pili nikalala.

Nilikuwa nimeshajaribu kutafuta wa kunisimamia. Wa kwanza alikuwa rafiki yangu tuliyesoma naye. Ananipenda sana, na hilo ndilo lililoharibu. Nikimwambia leo sikwenda kwa sababu kulinyesha, ananijibu, "Pole mpenzi, utaenda kesho." Nilikuwa nikitoka kwake nimefarijika kabisa. Kisha nikajiunga na kundi la WhatsApp la watu wenye malengo. Kila Jumatatu tunaandika malengo, wengine wanaweka mikono ya kupiga makofi. Nikishapigiwa makofi nilihisi kazi nimeshaifanya. Wiki ikiisha hakuna anayeuliza, kwa sababu naye akiuliza ataulizwa.

Aliyenitoa hapo ni mama mmoja anayeuza nguo za watoto Gikomba, ambaye nilimsumbua kwa bei mara tatu. Mara ya tatu aliweka chini suruali aliyokuwa akiikunja, akanitazama.

"Mwanangu, unanunua au unatembea?"

Nikamweleza yote, hata daftari nikamwonyesha. Alisoma polepole. Hakunisifu. Akasema, "Alhamisi tunafungua beli. Njoo saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nitakuwekea nafasi ya kuchagua. Usipokuja nafasi yako nampa mwingine, na usirudi kuniuliza bei."

"Nitajaribu, mama."

"Sijakuambia ujaribu. Nimekuambia saa."

Alhamisi ile nilifika saa kumi na moja na dakika ishirini. Kulikuwa na manyunyu. Tulisimama wanawake sita kuzunguka lile beli, nyuzi zikakatwa, nguo zikafura kama unga uliotiwa hamira, na mikono ikaingia. Nilichagua vipande 12. Mkono wangu ulitetemeka nilipolipa. Kisha nikakimbia kwa mzee wa pasi, kwa sababu nilikuwa nimemwambia jana yake kwamba nitamletea kazi kabla ya saa mbili, naye alikuwa amewasha makaa akiningoja. Kuna wakati nilitaka kwenda kunywa chai kwanza. Nikafikiria makaa ya mtu yanavyoungua bure.

Kwa hiyo ukinitaka ushauri wa kumchagua mtu wa kuwajibika kwake, nitakwambia hivi. Awe yuko macho saa unayotakiwa kuwa macho. Awe anajua bei za kazi yako, ili usiweze kumpiga chenga kwa maneno. Awe na kitu kinachoharibika usipotokea: nafasi aliyokuwekea, makaa, zamu yake ya kufunga kibanda. Na asiwe mtu anayekupenda kiasi cha kukubali kila unalomwambia. Mamako na mumeo wana kazi nyingine maishani mwako, waachie hiyo.

Usimwombe "anishike mkono". Ombi la namna hiyo halina mwisho wala kipimo, na mtu mwenye shughuli atalikwepa. Mwombe kitu kidogo chenye saa. Mimi nilimwambia yule mama: "Kila Jumamosi jioni nitakuja nikusomee namba tatu. Nimenunua vipande vingapi, nimeuza vingapi, nina pesa ngapi mkononi. Dakika mbili tu." Alikubali papo hapo. Wiki ya kwanza nilisoma: 12, 7, shilingi 1,150. Aliuliza swali moja tu, zile tano zilizobaki ni za umri gani. Zote zilikuwa za watoto wa chini ya mwaka mmoja. Sikununua tena za umri huo hadi nilipojua wateja wangu vizuri. Swali hilo lisingekuja kama ningesema, "Wiki ilikuwa nzuri, mama, namshukuru Mungu."

Baada ya miezi miwili alinipeleka kwenye chama chao. Wanawake kumi, shilingi 100 kila siku ya kazi, mmoja anapokea Jumamosi. Mambo haya tumeyazoea hapa Kenya hivi kwamba hatuyaoni. Mtafiti Mary Kay Gugerty alivichunguza vikundi vya aina hii Busia, na katika makala yake ya mwaka 2007 akaonyesha kwamba watu wengi hawajiungi kwa kukosa mahali pa kuweka pesa. Wanajiunga kwa sababu wanajijua: pesa ikikaa nao peke yao haitakaa. Pascaline Dupas na Jonathan Robinson nao, mwaka 2013, walitoa matokeo ya jaribio lao la Bumala, Busia hiyo hiyo. Wachuuzi walifunguliwa akaunti zisizo na riba na zinazotoza ada ya kutoa pesa, na bado wanawake waliozipata waliweka akiba zaidi na kuingiza mtaji zaidi kwenye biashara. Ukuta mdogo kati yako na pesa yako una maana. Na Mary Njeri Kinyanjui, aliyewafuatilia wafanyabiashara wa masoko ya Nairobi kwa miaka mingi, anasema katika kitabu chake cha mwaka 2019 kwamba masoko haya yanaendeshwa kwa utu, watu kubebana na kugawana nafasi na gharama. Niliposoma hayo nilimkumbuka yule mama na lile beli.

Lakini nisikudanganye kwamba ukishapata watu huanguki. Mwezi wa nne kodi ya nyumba ilinibana nikala pesa ya mali, yote, shilingi 2,800. Siku sita sikuonekana sokoni. Simu ilikuwa ikilia naitazama. Jumamosi nikaenda, nikaeleza habari ya kodi, na machozi yakanitoka, na kila neno lilikuwa kweli. Mwenyekiti wetu alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Kodi ulijua tangu Jumatatu. Ungetuambia Jumatatu ingekuwa sababu, tungepanga. Leo imeshakuwa kisingizio." Nikalipa faini ya shilingi 200 kama kila mtu. Baada ya faini wakabadilishana zamu, mwenzetu mmoja akanipa ya kwake ili nirudi sokoni wiki ileile. Faini kwanza, msaada baadaye. Nimewaza sana juu ya mpangilio huo, na naamini ungegeuzwa ungeniharibu.

Tangu siku hiyo nina kanuni moja: habari mbaya naitoa kabla sijaulizwa. Mtoto akiugua, napiga simu alfajiri ileile. Mali ikikwama, naisema kwenye zile namba tatu.

Na kuna wajibu usio wa kuutafuta. Mkopeshaji anayeshika kitambulisho chako au runinga ya nyumbani hakusimamii, anakuvizia. Mtu anayekusema vibaya mbele ya wateja pia muache. Unahitaji mtu atakayefurahi ukifanikiwa na kukasirika ukilala, vyote viwili kwa moyo mmoja.

Juzi Alhamisi tumefungua beli letu la kwanza, mimi na wenzangu wawili tuliochanga. Yule mama alikuja kusimama nasi, ingawa yeye siku hiyo hakuwa na mali ya kufungua. Nyuzi zilipokatwa sote tulinyamaza, kwa sababu beli hulijui hadi lifunguke. Tulihesabu vipande 268. Kamera zilikuwa 61, chache kuliko tulivyotarajia, na mwenzangu mmoja akaanza kusema kwamba tumepewa beli baya, kwamba huu mwezi ni mbaya, kwamba tungesubiri. Mama akanyoosha mkono kuelekea mfuko wangu, akatoa daftari, akalifungua ukurasa mpya na kunipa kalamu.

"Andika 268," alisema. "Jumamosi nitataka namba ya pili."