Kiwanja cha Kaka, Jasho la Ndugu

Nyumba nyingi za kuishi Tanzania hazijengwi na kampuni. Hujengwa na mwenye kiwanja, fundi wake na ndugu. Shemeji mwenye pikapu anasomba mchanga, mdogo wa mwisho anamwagilia tofali asubuhi na jioni, shangazi anatuma hela ya saruji kwa simu, na siku ya kumwaga zege ukoo unafika kiwanjani alfajiri. Mwaka huu msingi, mwakani boma, na kupaua kunasubiri mavuno au kiinua mgongo cha baba.

Siku hizo hakuna anayeandika kitu. Kumwambia kaka "tuandikishane" huonekana kama kumtilia shaka mbele ya mafundi. Kisha kaka anafariki, au anaachana na mkewe, au anapata mteja wa nyumba, na kila aliyebeba ndoo ya zege anaanza kuuliza ana haki gani.

Jibu la sheria huwaumiza wengi. Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, inayotumika Tanzania Bara, inayahesabu majengo ya kudumu kuwa sehemu ya ardhi yaliposimama. Mwenye kiwanja ndiye mwenye nyumba. Aliyepiga plasta ukuta wote kwa mikono yake, kwenye kiwanja cha mwingine, hapati hati kwa sababu hiyo.

Kuna mfano mmoja unaojulikana sana mitaani. Kaka anamkaribisha mdogo wake ajenge vyumba viwili uani, "tukae pamoja, nyumba ni yetu". Mdogo anajenga, anaoa, anazaa, miaka kumi na tano inapita. Siku wanapokosana, mdogo anategemea kwamba muda umemfanya mwenyeji. Mahakama za Tanzania zimeshaamua mara nyingi kinyume cha matumaini hayo: aliyeingia kwenye ardhi kwa kukaribishwa hageuki kuwa mmiliki dhidi ya aliyemkaribisha, hata akae miaka mingi kiasi gani. Ukomo wa miaka 12 wa kudai ardhi, uliomo katika Sheria ya Ukomo, haumsaidii mtu aliyekaa kwa ruhusa.

Je, hana chochote? Anacho, ila ni kidogo kuliko alichodhani. Sheria ya Mikataba inasema mtu akikufanyia jambo kihalali bila nia ya kukupa bure, nawe ukafaidika nalo, unapaswa kumfidia. Kwa hiyo mdogo anaweza kudai fidia ya alichotumia. Ugumu uko kwenye maneno "bila nia ya kukupa bure". Kwa mgeni aliyeuza tofali hilo ni rahisi kuthibitisha. Kwa ndugu ni kazi ngumu, maana kaka atasimama aseme mdogo wangu alinisaidia kama ndugu wote wanavyosaidiana, na majirani watakubali kwamba ndivyo walivyoona. Bila stakabadhi za bati na nondo, bila ujumbe wa simu, bila shahidi aliyesikia makubaliano, dai hilo hupungua nguvu haraka.

Kwa mke na mume mambo ni tofauti, na hapa sheria imekwenda mbali kuliko watu wengi wanavyojua.

Kabla ya 1983 mahakimu waligawanyika. Wengine walisema mke asiyetoa fedha hana mchango katika nyumba iliyojengwa kwa mshahara wa mume. Wengine walisema kupika, kulea na kutunza nyumba ni kazi. Katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilimaliza ubishi huo: kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja, na mahakama inapaswa kuzizingatia inapogawa mali chini ya kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya 1971. Watu huitaja sana sehemu hiyo na kusahau kwamba Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo. Mahakama iliona kwamba fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya kuendeleza familia alizitumia vibaya. Msimamo wa sheria ulibaki wa wanawake wote, lakini yeye alitoka mikono mitupu. Tangu hapo Mahakama ya Rufani imerudia kwamba kiasi cha mchango wa kila mmoja ni suala la ushahidi. Hakuna nusu kwa nusu inayokuja yenyewe.

Kifungu hicho cha 114 kinagusa pia kiwanja ambacho mume au mke alikuwa nacho kabla ya ndoa. Kama mwenzake amekiendeleza kwa kiasi kikubwa, au wamekiendeleza pamoja, nacho huingia kwenye mgawanyo. Sheria ya Ardhi yenyewe, kifungu cha 161, inamtaja kwa uwazi mwenzi aliyechangia kwa nguvu zake katika kuitunza na kuiendeleza ardhi iliyo kwa jina la mwenzake: anapata maslahi katika ardhi hiyo. Mwanamke aliyechota maji ya ujenzi akiwa mjamzito, akapikia mafundi miezi minne, halafu akaambiwa "hujaweka hata shilingi", ana sheria upande wake. Asikubali kufukuzwa kwa maneno.

Wala nyumba ya ndoa haiuzwi kimyakimya. Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa kinamzuia mume au mke kuiuza, kuitoa zawadi, kuipangisha au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake ndoa ikiwa hai. Mwenye wasiwasi anaweza kuweka zuio kwa Msajili wa Hati kabla mnunuzi hajafika, kama ardhi imesajiliwa.

Kuna shimo moja ambalo wake wengi huangukia, nalo ni kiwanja cha mkwe. Kijana anaoa, baba yake anamwonyesha pembe ya shamba, wanajenga wawili hao kwa miaka minane. Ndoa ikivunjika, baba anasema ardhi ni yangu, sikumpa mtu. Mahakama inayogawa mali ya wanandoa haiwezi kumgawia mke mali ya mtu wa tatu. Ndiyo maana kikao cha kuuliza "baba, hapa umetupa au umetuazima?" ni cha lazima, na jibu liandikwe baba akiwa na afya njema na kauli yake. Kijijini, mahali pa kulikamilisha ni kwa halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999, ambako wanandoa wanaweza kuomba hati ya hakimiliki ya kimila kwa majina yao wote wawili.

Mabinti wa ukoo nao wasirudishwe nyuma kwa hoja ya mila. Mwaka 1990, Mahakama Kuu Mwanza, katika kesi ya Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory, ilikataa kanuni ya mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo wakati wanaume waliruhusiwa. Jaji Mwalusanya aliona kanuni hiyo inakiuka Katiba. Binti anayeijenga upya nyumba ya marehemu baba yake kwa mshahara wake ana sababu ya kuikumbuka hukumu hiyo. Lakini asianze kubomoa kuta kabla mirathi haijafunguliwa: msimamizi wa mirathi bado hajagawa, na yeyote anayejenga juu ya mali isiyogawanywa anajenga kwenye ardhi ya warithi wote.

Basi kiandikwe nini kabla ya kuchimba msingi? Karatasi moja inatosha kwa kuanzia. Itaje kiwanja kwa namba au kwa mipaka na majirani, imtaje mwenye nacho, kisha ieleze kila mchango ni nini hasa: zawadi, mkopo au hisa. Maneno hayo matatu ndiyo yanayovunja koo, kwa sababu anayetoa huwa na moja kichwani na anayepokea ana jingine. Kama ni mkopo, iandikwe utarudishwa lini. Dai la mkataba lina ukomo wa miaka 6. Kama ni hisa, maandishi ya nyumbani hayatoshi. Sheria ya Ardhi inataka mkataba wa kuhamisha haki katika ardhi uwe wa maandishi na usainiwe na anayeitoa, na jina la mwenye hisa liingie kwenye usajili. Mhuri wa serikali ya mtaa ni ushahidi mzuri wa mliyokubaliana, ila haubadilishi jina lililo kwa Msajili.

Watoto pia wapo kwenye ujenzi wa ndugu, na wengi wanafurahia kuwapo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, lakini kubeba mizigo mizito kumo kwenye orodha ya kazi hatarishi zilizokatazwa kwa walio chini ya miaka 18. Mfuko wa saruji una kilo 50. Mjomba anayemtwisha mpwa wa darasa la sita anavunja sheria, hata kama mama yake yuko palepale.

Mjini, kibali cha ujenzi kutoka halmashauri kinahitajika hata kama fundi ni baba yako mzazi. Tena ndugu wakague ardhi kabla ya kuweka nguvu zao: hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande kwa Sheria ya Barabara ya 2007, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za chanzo cha maji. Mwaka 2017 nyumba za Kimara hadi Kiluvya zilibomolewa kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na tingatinga halikuuliza nani alichangia bati.

Ugomvi ukishatokea, baraza la kata ndipo pa kuanzia. Tangu marekebisho ya 2021 baraza hilo halitoi tena hukumu za ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti, na shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kwenda wilayani hata bila cheti hicho. Madai ya mgawanyo wa mali za ndoa hayapiti huko. Yanakwenda mahakama yenye mamlaka ya kutoa talaka, kuanzia Mahakama ya Mwanzo.

Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anayo haki ya kuomba msaada bila malipo chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na wasaidizi wa kisheria wapo katika wilaya nyingi. Nenda na stakabadhi zako, ujumbe wa simu uliotumiwa na ndugu, na jina la fundi aliyekuona ukifanya kazi.