KIMBUNGA KIKITANGAZWA, NANI ATAMFUNGUA MBUZI?



Ndugu wanafunzi na wazazi wetu wapenzi, somo letu la mwaka huu linahusu wanyama tunaoishi nao majumbani, na yatupasayo kuwafanyia pale redio inapotangaza kuwa kimbunga kinakuja. Huenda mtu akasema: "Sisi wa Nalasi na kimbunga wapi na wapi? Bahari iko mbali." Tuanze na hilo.

Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilitua kaskazini ya mji wa Pemba wa Msumbiji (si Pemba ya Zanzibar), katika jimbo la Cabo Delgado, ambalo mpaka wake na nchi yetu ni huu huu Mto Ruvuma. Mtwara watu walitahadharishwa, na Mwenyezi Mungu akatuepusha. Desemba 2024 kimbunga Chido kikapiga jimbo lile lile baada ya kuiharibu Mayotte. Na kabla yake, Mei 2024, Hidaya kilifika pwani yetu wenyewe karibu na Mafia, na barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika kwa maji eneo la Somanga. Wazee wa Lindi nao husimulia kimbunga cha mwaka 1952.

Ni kweli kwamba upepo wa kimbunga hupungua nguvu kikishaingia nchi kavu. Lakini mvua yake haipungui upesi. Malawi haina bahari hata kidogo, na mwezi Machi 2023 kimbunga Freddy kiliua mamia ya watu huko, wengi wao katika maporomoko ya udongo pande za Blantyre. Basi linalotuhusu zaidi sisi wa bara ni maji. Mabonde yetu ya mpunga na vijito vinavyoshuka Ruvuma hujaa usiku mmoja.

Nitawaeleza lililonifanya nichague somo hili. Nilipokuwa na umri kama wenu, nilipewa kazi ya kumfunga mbuzi wetu jike kila jioni. Siku moja nilimfunga bondeni kwenye majani mazuri, nikafunga fundo kali ili asile mahindi ya jirani. Mvua ikaanza magharibi, nikaona uvivu kumfuata. Asubuhi tulimkuta pale pale. Maji yalikuwa yamepanda kiasi cha kifua cha mtu mzima tu, na mbuzi anaweza kuogelea, ila kamba ilikuwa fupi. Baba hakunipiga. Aliniambia niikate ile kamba mwenyewe.

Sote tunajua habari ya yule bedui aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake bila kumfunga na kumtegemea Mwenyezi Mungu, naye akaelekezwa amfunge kwanza kisha ategemee. Watu hudhani funzo lake ni kamba. Funzo ni kushika sababu inayofaa kwa wakati ule. Jangwani sababu ni kufunga. Maji yanapopanda, sababu ni kufungua. Mnyama asiyeweza kuchukuliwa afunguliwe, na mlango wa zizi uachwe wazi, apate kufuata mwinuko mwenyewe. Wengi hujiokoa wakiachiwa.

Lakini hilo ni la dakika ya mwisho. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza siku kadhaa kabla, na kazi hufanywa siku hizo. Mbuzi na kondoo wahamishwe mapema kwenye mwinuko, hata kama ni uwanja wa jamaa au penye kichuguu kikubwa. Wasiwekwe chini ya mkorosho, kwa sababu matawi yake hutanda mbali na upepo huyavunja. Kama zizi ni imara na liko juu, wabaki ndani upepo ukivuma, na vitu vinavyoweza kuruka, kama mabati yaliyolegea, viondolewe. Kuku waingizwe kwenye tenga saa za jioni wanapolala, maana kumfukuza kuku mchana wa upepo ni kazi ya kuchosha nyumba nzima. Pumba na maji ya siku tatu viwekwe juu ya dari. Paka atiwe kwenye kikapu chenye kifuniko. Msimwamini kwamba atawafuata.

Tena angalieni: upepo ukikatika ghafla na anga likatulia, pengine kitovu cha kimbunga ndicho kinachopita, na upepo utarudi kwa nguvu kutoka upande wa pili. Msiwatoe wanyama mpaka mtangaziwe.

Sasa mbwa. Najua wapo watakaosema mbwa abaki nje kwa kuwa ni najisi. Sheria yetu imeruhusu mbwa wa kuwinda, wa kulinda mifugo na wa kulinda shamba, na hapa kwetu bila yeye nguruwe pori na nyani wangemaliza mihogo. Ni mtumishi wa nyumba. Alama ya ulimi wake katika chombo huondoka kwa kuosha mara saba, moja kwa udongo, kama mlivyosoma katika fiqhi. Akifa maji hakuna cha kumrudisha. Mtafutieni jiko la nje au kibanda kilicho juu, asichanganywe na kuku. Mtu yule aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake alisamehewa, na mwanamke aliyemfungia paka bila chakula, wala hakumwacha ajitafutie, aliadhibiwa. Zingatieni kosa la yule mwanamke: alifunga, wala hakufungua.

Jambo hili si la huruma kwa wanyama tu, bali huokoa na watu. Mwaka 2005 kimbunga Katrina kilipoifunika New Orleans kule Marekani, wapo waliokataa kuondoka kwa sababu waokoaji hawakuwapokea na wanyama wao. Mwaka 2006 nchi ile ikapitisha sheria kuwa mipango ya maafa izingatie wanyama wa nyumbani na wale wanaosaidia watu, kama mbwa wanaoongoza vipofu. Ndugu zetu wa Bangladesh walitangulia. Baada ya kimbunga kikubwa cha Novemba 1970 walijenga vilima vya udongo, wanaviita killa, ili ng'ombe wapande maji yakija. Mkulima hawezi kukimbia akimwacha ng'ombe wake wa pekee, nasi tusimlaumu. Tumtafutie kilima.

Baada ya mvua huja shida nyingine: huyu mbuzi ni wa nani? Ndiyo maana kutia alama ni kazi ya kiangazi. Alama itiwe sikioni, kwani Mtume (s.a.w.) alionekana akiwatia alama kondoo masikioni, na alimlaani aliyemchoma punda usoni. Ukiokota mnyama mtangaze. Lakini asitangazwe ndani ya msikiti, jambo hilo limekatazwa. Simama nje mlangoni watu wanapotoka, au mpelekee mjumbe habari. Na mnyama aliyekutwa amekufa maji ni mzoga, haliwi hata kama bado ana joto. Afukiwe mbali na kisima. Aliyekutwa anapumua ana hukumu yake, muulizeni ustadhi kabla ya kushika kisu.

Magonjwa nayo hufuata. Kuku wa nyumba nyingi wakikusanyika pamoja, mdondo ukiingia hauachi hata mmoja, kwa hiyo chanjo yake ya tone la jichoni itolewe kila baada ya miezi mitatu bila kungoja kimbunga. Mbwa achanjwe kichaa. Mtoto akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha aende zahanati siku hiyo hiyo. Huko sokoni wapo wanaouza dawa za kichaa za mizizi. Msizifuate.

Zoezi la nyumbani kwa darasa la tatu na la nne: Hesabu wanyama wote wa kwenu, uandike kila mmoja analala wapi, na kama pale ni bondeni au mwinukoni. Waulize wazee maji ya mwaka wa mvua kubwa yalifika wapi, uweke jiwe. Kisha andika jina la mtu mmoja kwa kila mnyama, atakayekwenda kumtoa. Kama jina ni lako, nenda leo kabla ya magharibi ukaangalie lile fundo, uone kama linafunguka kwa mkono mmoja gizani.