Maswali na Majibu: Bharatanatyam katika The River (1951)

1. Nani aliongoza filamu hii, na nani anacheza? (alama 3)

Mwongozaji ni Jean Renoir, Mfaransa, na hii ndiyo filamu yake ya kwanza ya rangi. Aliipiga Bengali, kando ya mto Hooghly. Anayecheza ni Radha Sri Ram, aliyekuja kujulikana kama Radha Burnier. Humo anaitwa Melanie.

2. Je, dansi hiyo ni ya Kibengali? (alama 4)

Hapana. Hapa ndipo watahiniwa hunaswa, maana kila kitu kingine kwenye picha ni Bengali. Bharatanatyam ni ya Watamili, kusini kabisa. Radha aliipata Kalakshetra, Madras, chuo kilichoanzishwa na Rukmini Devi Arundale mwaka 1936. Aliyeihamishia mtoni ni Renoir.

3. Eleza onyesho lenyewe. (alama 6)

Binti Harriet anasimulia hadithi aliyoitunga; bibi harusi wa hadithi hiyo anageuka Radha, mpenzi wa Krishna, na kuanza kucheza. Mtazame kuanzia chini. Magoti yamekunjwa na kufunguliwa pembeni, mgongo umenyooka, unyayo mzima unapiga ardhi. Kisha panda mikononi: vidole vinasema, na macho yanaufuata mkono kila uendako. Ukiandika tu kwamba "anacheza vizuri", hupati kitu.

4. Kwa nini wanahistoria wanaithamini sehemu hiyo? (alama 5)

Kwa sababu ya wakati wake. Dansi hii ilikuwa mikononi mwa devadasi, wanawake waliowekwa wakfu hekaluni. Mwaka 1947 sheria ya Madras ikapiga marufuku mabinti kuwekwa wakfu hivyo, na tayari watu wa tabaka la juu walikuwa wameipeleka jukwaani. Radha ni zao la jukwaa hilo jipya. Kwa hiyo usidai kwamba filamu imehifadhi Bharatanatyam yote: ukoo wa devadasi, aliotoka mchezaji Balasaraswati, haumo. Tena onyesho kamili huchukua saa mbili hivi, na sisi tunapewa dakika chache.

5. Je, Der Tiger von Eschnapur (1959) ya Fritz Lang itumike kama mfano wa pili? (alama 2)

La. Anayecheza humo, Debra Paget, ni mwigizaji wa Marekani, na dansi yake mbele ya sanamu kubwa la mungu wa kike ilibuniwa kwa ajili ya kamera. Mfano unaofaa ni Lord Siva Danced (1948) ya Sarah Erulkar, iliyotengenezwa Uingereza, ambamo anacheza Ram Gopal.